Hewa ya Faraji

Jumatatu, 6 Machi 1995

Kompresa imefika leo saa tano asubuhi juu ya lori la mbao, imefungwa kwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnadani. Haina karatasi, haina kitabu chake, haina hata spana moja. Nilimuuliza dereva kitabu kiko wapi, akasema aliyefunga mzigo huko Tanga alikuwa na haraka.

Naandika haya ili siku nikiulizwa nisianze kukuna kichwa. Mimi ni Raheli, fundi mitambo, mzaliwa wa Mlalo. Miaka kumi na minne nilitunza kompresa za kiwanda cha barafu Tanga, mpaka shirika likauzwa na mnunuzi akasema anataka damu changa. Sasa kiwanda cha chai cha hapa Kwemtunda nacho kimeuzwa, na kampuni iliyokinunua inataka kukiwasha mwezi wa sita. Umeme wake unatokana na bwawa. Bwawa lina lango la chini la kutolea maji, na lango hilo limekwama: gogo la mkaratusi limelala mdomoni mwake na tope limelifunika. Njia ya juu ya kupunguzia maji ilibomoka enzi kiwanda kikiwa cha shirika la umma, haikujengwa tena. Kwa hiyo masika yakilijaza bwawa kabla lango halijafunguka, maji yatapita juu ya ukingo, na ukingo wenyewe ni wa udongo. Chini yake kuna nyumba arobaini na bustani za mboga bonde zima.

Anatakiwa mpiga mbizi akalikate gogo. Mpiga mbizi anataka hewa kwenye mitungi. Hewa ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 7 Machi

Mvua. Nimekaa kwa Bi Sabra, mama mwenye bustani ya kabichi chini ya ukingo, aliyenipa chumba. Kompresa imekaa nje. Bwana Nikodemo, msimamizi wa kampuni hapa, aliahidi turubai. Nimeifunika kwa khanga yangu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimewasha injini ya kompresa. Imekohoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Kosa si la injini. Huku juu hewa ni nyepesi, nayo imepangwa kwa Tanga, kwa hiyo inapewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Nimefungua kabureta, nikaziba tundu la jeti, lile la kupitishia petroli, kwa lehemu, nikalitoboa upya kwa ncha ya sindano, tundu dogo zaidi. Mara tatu nimekosea. Mara ya nne moshi umepungua.

Nikamweleza Bwana Nikodemo jambo moja tu, nikalirudia mara mbili. Kompresa inavuta hewa ya kumpa mtu apumue, na pembeni yake kuna injini inayotema moshi. Moshi ule una gesi isiyo na harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani wakati wa baridi. Kwa hiyo nataka mpira mrefu wa kuvutia hewa, mita nane, uinuliwe juu ya mti upande unakotoka upepo.

"Mita nane zote, mama?"

"Nane."

"Watu watajikwaa."

Huyu alikuwa afisa utumishi wa shirika miaka kumi na tisa. Hajawahi kushika spana. Ameagiza mita tatu.

Jumatatu, 13 Machi

Mpiga mbizi amekuja. Anaitwa Faraji, mtu wa Muheza aliyezamia Pemba miaka minane akiwapeleka watalii kuona samaki. Ana miwani ya jua, katika ukungu huu. Kabla hajatua begi alisema atazama kesho.

"Mitungi haijajazwa," nikamwambia.

"Basi ijaze, dada. Mimi sikuja kuota moto."

Mita tano za mpira zilizobaki nimezipata kwa kumng'ang'ania Bwana Nikodemo mlangoni mwa ofisi mpaka akaona aibu.

Jumatano, 15 Machi

Amezama mara ya kwanza. Dakika arobaini. Gogo ni nene kama pipa, anakata kwa msumeno wa mkono gizani, anapapasa tu. Mkononi anavaa kompyuta ya kuzamia, kitu kama saa nene, kinachomwambia yuko kina gani na lini arudi juu ili damu isimtokote mapovu. Anaisifu kama ng'ombe wa mahari. Mtalii mmoja Mjerumani alimwachia.

Alhamisi, 16 Machi

Mvua.

Jumatatu, 20 Machi

Ukungu huu una maji kuliko chai ya Bi Sabra. Kila dakika kumi nafungua vali ya chini nitoe maji yaliyokusanyika ndani ya kompresa, Tanga ilitosha kila nusu saa. Chujio limelowa. Ndani yake kuna mkaa wa dawa na chembe za kunyonya unyevu, na vyote vimeanza kupungua nguvu. Ijumaa niliagiza vingine kwa simu ya upepo ya kiwanda.

Leo Bwana Nikodemo amenijia anatabasamu, na gunia begani. Nikafungua. Mkaa wa jikoni.

"Si umesema mkaa?"

"Wa dawa, Bwana Nikodemo. Umetengenezwa kwa kazi hiyo."

"Mkaa ni mkaa, mama. Ule wa dukani wamekutia kasumba tu."

Nikaenda kuosha mikono kwenye mfereji. Niliiosha kwa muda mrefu sana.

Ijumaa, 24 Machi

Kompyuta ya Faraji imekufa, kioo cheupe. Akanilaumu mimi, ati hewa yangu chafu imeiharibu. Hewa haiingii humo hata kidogo! Nikaitazama. Ina vinundu viwili vya chuma, na maji yakiviunganisha inaamka yenyewe. Sasa huyu bwana huitundika mlangoni, kwenye ukungu, na unyevu unaiamsha mchana kutwa. Betri imechoka kwa kuwa macho.

Nimefungua kifuniko kwa sarafu, nikatia betri mpya iliyotoka kwa fundi saa wa Lushoto, nikapaka mafuta kidogo oringi, ule mpira wa kuzuia maji, nikavikausha vinundu. Sasa inalala ndani ya mkebe wa majani ya chai uliojaa mchele mkavu.

"Mchele?" Faraji akauliza.

"Unanyonya unyevu."

Bi Sabra akasema wali haupikwi kwenye saa. Faraji akacheka. Sikujua anaweza.

Jumanne, 28 Machi

Faraji ameamka na bega linalomuuma, na ngozi ya mgongo inamwasha. Anasema ni baridi ya milimani. Jana alizama mara mbili, lakini kompyuta ilimwambia yuko salama.

Sikupenda, maana mapovu ya damu huanza hivyohivyo. Nikamwomba tufanye jambo la kitoto. Tulifunga jiwe kwenye kamba, nikapima kamba kwa futi ya seremala, tukaliteremsha mpaka kwenye lango. Mita kumi na nne. Kisha tukaifunga kompyuta palepale kwenye jiwe, tukaiteremsha, tukaipandisha tusome ilichokumbuka. Kumi na mbili.

Faraji akakaa chini kwenye matope.

"Inadanganya," akasema.

"Haidanganyi. Inadhani bado iko Pemba. Pale mzigo wa hewa juu ya maji ni mkubwa, hapa ni mdogo. Imekuhesabia kina kifupi, ikakupa muda mrefu kuliko haki yako."

Akashika bega lake. Nikamwambia hazami tena mpaka tujue namna ya kuieleza kompyuta iko wapi. Kwa mara ya kwanza hakubisha.

Alhamisi, 30 Machi

Kitabu cha kompyuta kipo, ila kwa Kijerumani. Tumekipeleka kwa Mzee Tobia, mtoa dawa mstaafu wa hospitali, aliyejifunza lugha hiyo kwa wauguzi wa misheni. Tulimpa shikamoo zetu, akatuonyesha viti, akavaa miwani miwili kwa pamoja.

Anasoma vizuri, lakini Kijerumani chake chote ni cha zaburi na vidonda. "Yeye apandaye milimani," akasema, "na aloweshe vidole viwili, na avishike vile viwili vya chuma, naye angoje hata mlima utokee katika kioo."

Tukalowesha vidole, tukashika, tukangoja. Kwenye kioo pakatokea picha ndogo ya mlima.

Faraji alipiga makofi. Mzee Tobia akataka tupige na sala. Kitabu kinasema pia kwamba mtu atokaye pwani apumzike siku nzima kabla ya kuzama. Siku ile ya kwanza alipotangaza, kabla hata ya kutua begi, kwamba atazama kesho yake, ni mitungi mitupu iliyomwokoa.

Jumatatu, 3 Aprili

Bega limepona. Chujio jipya limefika. Faraji anazama mara moja kwa siku, anapanda polepole, anaheshimu mlima wake wa kwenye kioo. Robo tatu ya gogo imekatika. Maji yamepanda mita moja tangu tuanze.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua. Mkanda wa kompresa unateleza. Nimeomba mwingine. Bwana Nikodemo amesema "litashughulikiwa."

Jumatatu, 10 Aprili

Halikushughulikiwa. Kesho naenda Lushoto mwenyewe. Nimeacha mitungi miwili iliyojaa, inatosha siku moja. Nimemwambia Bwana Nikodemo, mbele ya Faraji, kwamba kompresa isiguswe.

Jumanne, 11 Aprili

Nitaandika yote.

Nilirudi saa tisa na mkanda wangu. Kutoka mbali niliona watu ukingoni, nikajua. Bi Sabra alinikuta njiani, nguo zimelowa mpaka kifuani.

"Yuko hai," alisema kwanza. Mungu ambariki kwa kuanza na hilo.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi mkurugenzi alipiga simu ya upepo kutoka Dar es Salaam, akataka lango lifunguke kabla ya Pasaka. Bwana Nikodemo akaona mitungi miwili haitoshi, akaamua kujaza mingine mitatu. Mvua ilikuwa inanyesha, basi akaisukuma kompresa ndani ya banda la mabati. Mpira wangu wa mita nane haukuingia vizuri mlangoni. Akauchomoa. Kompresa ikavuta hewa mlemle bandani, na injini ikatema moshi mlemle bandani. Mitungi ile mitatu akaipanga pamoja na miwili yangu.

Faraji, asijue ipi ni ipi, akazama na mmoja wa ile mitatu. Bi Sabra alikuwa anachota maji. Anasema kamba ya Faraji ilitikisika mara moja, kisha ikalegea. Bwana Nikodemo ndiye aliyekuwa ameishika. Akavuta, ikawa nzito. Akapiga kelele, Bi Sabra akatupa ndoo, wakavuta wawili, mama wa miaka sitini na afisa utumishi. Faraji alitokea juu ya maji ametapika, kichwa kinaning'inia, midomo imemlegea. Walimpeleka hospitali ya Bumbuli kwa lori la chai, wakampa oksijeni. Anajua jina lake. Kichwa kinampasuka.

Nilikwenda bandani. Mpira wangu ulikuwa umekunjwa vizuri kabisa kwenye kona, kama nguo za kwenda nazo kanisani. Hilo ndilo lililonitoa machozi, jinsi alivyoukunja vizuri.

Bwana Nikodemo alikuwa amekaa juu ya mtungi. Nilimsimamia. Nilikuwa na maneno niliyoyahifadhi tangu tarehe tisa Machi, na niliyasema yote, kwa Kiswahili na yaliyobaki kwa Kishambaa, na watu walisikia. Nilimwita mjinga. Nilimwita muuaji. Mwishoni alisema tu, "Harufu haikuwepo, mama. Nilinusa. Nilinusa kabisa."

"Nilikuambia haina harufu!"

"Ndiyo. Uliniambia."

Niliibeba mitungi yote mitano nje, hata miwili yangu, maana sikujua tena ipi ni ipi, nikaifungua vali. Ilinguruma mpaka ikaisha.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Nimekwenda Bumbuli na machungwa sita. Faraji ameketi kitandani, amevua miwani ya jua. Ana macho ya mtu wa kawaida.

"Fundi," akaniita. Siku zote alikuwa ananiita dada kwa namna ya kunifukuza. "Nusura nife, tena si kwa maji, kwa hewa. Umewahi kusikia mpiga mbizi amekufa kwa hewa?"

Maji yamebakiza mita moja na nusu kufika juu ya ukingo.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua. Mita moja.

Tumeomba mpiga mbizi mwingine. Kampuni inasema hakuna. Mwenyekiti wa kijiji amewaambia watu wa bondeni wahamishie watoto na mifugo upande wa shule. Bi Sabra amehamisha mbuzi, yeye amebaki. Anasema kabichi zake zina wiki mbili tu.

Jumatatu, 24 Aprili

Faraji amerudi. Daktari amemruhusu kwa shingo upande: azame mara moja, na kichwa kikimgonga tu apande. Maji yamebakiza sentimita arobaini. Nilimwambia Faraji hakuna atakayemlaumu akikataa. Akatazama bonde, nyumba kwa nyumba.

"Gogo limebaki unene wa mkono wangu," akasema. "Mwingine atachukua siku tatu kulitafuta."

Jumanne, 25 Aprili

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi. Kompresa nje, kwenye uwazi. Upepo wa hapa ni kigeugeu, asubuhi unatoka msituni, ukungu ukipanda unageuka kutoka bondeni. Mti niliofungia mdomo wa mpira hauwezi kuhama. Ilitakiwa mtu aushike na kuhama nao.

Bwana Nikodemo alikuja bila kuitwa. Tangu siku ile hatukusemezana. Akasema, "Nionyeshe pa kusimama."

Nilitaka kumfukuza. Lakini sikuwa na mtu mwingine, nikamwonyesha. Akainua mpira juu ya mwanzi, akasimama. Nilipopiga kelele "Geuka!" aligeuka. Nilipopiga kelele "Juu!" aliinua. Mvua ilimpiga saa mbili na nusu, suti yake ya ofisini ikawa kama ngozi ya pili, na hakuuteremsha mwanzi hata kujifuta uso. Kila dakika kumi nilitoa maji kwenye vali. Mtungi ulipojaa, nilipuliza hewa yake kwenye kitambaa cheupe. Hakikuwa na doa wala harufu ya mafuta.

Faraji alikitazama kile kitambaa. "Ile nyingine haikuwa na harufu pia," akasema taratibu.

Alikuwa na haki. Nikachukua kifaa chake cha kupumulia, nikakifunga kwenye mtungi, nikakiweka mdomoni. Nikakaa juu ya kreti, pua nimeibana, nikavuta hewa ile robo saa nzima, watu wote wakinitazama kama kichaa. Ilikuwa kavu, baridi, haina ladha. Nilisikiliza kichwa changu kama mtu anavyosikiliza mlango. Hakikugonga.

Kisha Bwana Nikodemo akaja, akanyoosha mkono. Nikampa. Naye akavuta robo saa, macho kayafumba. Alipomaliza akamrudishia Faraji kifaa kwa mikono miwili.

Faraji akakisuuza, akaangalia picha ya mlima kwenye kompyuta yake, akaingia majini.

Nilishika kamba mimi. Dakika kumi. Ishirini. Maji yalikuwa kiganja kimoja kutoka juu, na mahali pamoja yalikuwa yameanza kulamba udongo. Dakika ya thelathini na mbili kamba ikatikiswa mara tatu, ishara yetu ya gogo limekatika. Hakuna aliyeshangilia mpaka alipotokea, akavua barakoa, akanitazama mimi kwanza.

"Kichwa?" nikauliza.

"Kizima, fundi."

Tulipomtoa majini, wanaume kumi na wawili walizungusha gurudumu la lango. Lilipiga yowe, likasogea. Kisha ardhi ikanguruma chini ya miguu yetu, na maji mekundu yakatoka chini ya ukingo kama ng'ombe waliofunguliwa zizini.

Yamepita kwenye bustani. Kabichi za Bi Sabra zote, na za majirani zake. Nyumba hazikuguswa hata moja. Bi Sabra alisimama akitazama matuta yake yakienda, mikono kiunoni. Nilisogea nimpe pole, akanizuia kwa kiganja.

"Usiseme kitu, Raheli. Leo niache nikasirike."

Nikamwacha akasirike.

Jumamosi, 29 Aprili

Jua. Bwawa limeshuka mita tatu.

Alhamisi, 4 Mei

Mkurugenzi amefika kutoka Dar es Salaam kwa gari jipya, na ripoti ya ajali ya tarehe kumi na moja imeshapigwa chapa. Imesema: hitilafu ya mtambo. Chini kuna mistari miwili ya sahihi, wa fundi na wa msimamizi.

"Mtambo haukuwa na hitilafu," nikasema. "Siweki sahihi."

"Mama, ni lugha tu. Haimtaji mtu."

"Inanitaja mimi. Mtambo ni wangu. Kesho nani atanipa kompresa ya kumjazia mtu hewa?"

Akageuka kwa Bwana Nikodemo, akampa kalamu. Mimi nilitazama dirishani. Nilijua mtu huyu ana miaka hamsini na mbili, ana watoto wanne shuleni, na kwamba kampuni inatafuta sababu ya kupunguza wazee wa shirika. Mwezi mmoja nyuma ningesema mapema ataandika nini.

Aliisoma ile karatasi mpaka chini. Kisha akaigeuza upande wa nyuma, ulio mweupe, akaanza kuandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini. Mkurugenzi akamwambia aache. Hakuacha. Nilisoma juu ya bega lake: *Mimi Nikodemo, msimamizi, siku hiyo fundi akiwa Lushoto, na akiwa amenikataza, niliingiza kompresa bandani nikachomoa*

Kalamu ikasimama.

"Raheli," akaniuliza, "niandike bomba, au niandike mpira?"

"Mpira," nikamwambia. "Mpira wa kuvutia hewa."

Akaandika maneno yote manne, kwa utaratibu, akaweka sahihi.